Namna ya Kukunja Jani

Wali wa moto ukimwagwa juu ya jani la mgomba hutoa harufu ambayo sijaikuta kwenye kitu kingine, harufu ya kitu kibichi kinachoiva ghafla. Ijumaa iliyopita ilinipanda puani katika mgahawa mmoja wa watu wa Kerala, India, hapa mtaa wa Najma mjini Doha, nikanyamaza katikati ya maneno. Achieng, rafiki yangu ninayefanya naye kazi ya udobi hotelini, hakuona. Alikuwa ametoka kanisani Mesaimeer, maana hapa ibada ni Ijumaa, sauti imemkauka kwa kuimba, na alikuwa na habari njema: binti yake aliyeko Kisumu amefaulu mtihani.

"Sasa hii ni sahani ama ni mboga?" aliuliza, akilipapasa jani. "Nisije nikakula vyombo za watu."

"Ni sahani. Wewe kula."

Sikumwambia kwamba asubuhi ile nilipata ujumbe wa sauti kutoka India, wa mwanamke anayeitwa Latha, kwamba mama mkwe wake, ambaye sote tulimwita Ammamma, amefariki usingizini. Sikumwambia kwamba ndiyo sababu ya kumwita tule hapa na si pale Al Mansoura tulikozoea. Nilikuwa nimepanga kumwambia. Nikamtazama alivyokuwa akicheka, nikasema moyoni, acha ale kwanza.

Nilikuwa mtoto wa darasa la nne nilipokaa katika nyumba ya Ammamma. Baba alikuwa dereva wa familia moja hapa Doha tangu sijapata akili. Kwetu Muheza yeye alikuwa sauti ya simu, mablanketi mazito yasiyofaa kwa joto letu, na picha moja ambayo amesimama kando ya gari jeupe lisilo lake. Aliniita bi mkubwa, kwa kuwa mimi ndiye wa kwanza, nikifuatwa na wadogo zangu wawili wa kiume. Mwaka ule Mama alianza kuchoka. Akitoka kisimani anakaa njiani, ndoo iko kando yake, anatazama mbele kama anayemsubiri mtu. Daktari akasema mlango mmoja wa moyo wake haufunguki vizuri. Mimi niliyachukua maneno hayo kama yalivyo. Niliuona moyo wa Mama kama nyumba yenye mlango wa mbao uliovimba kwa mvua, nikawaza kwamba fundi akipatikana kazi hiyo ni ya mchana mmoja.

Fundi alipatikana India. Baba alikuwa akilala chumba kimoja na dereva mwenzake, Suresh, kijana wa Kihindu kutoka kijiji cha Kerala. Suresh alipofika Doha mara ya kwanza hakuijua barabara hata moja, na Baba ndiye aliyemzungusha mjini mpaka akazijua, akamlisha kwenye sahani yake mpaka mshahara ukaanza kuja. Suresh akamwambia Baba, "Mama yangu ana nyumba kubwa na watu wachache. Hospitali ya misheni haiko mbali, unapanda basi. Waje wakae kwetu. Hoteli za nini?"

Wadogo zangu waliachwa kwa mama mdogo. Mimi nikachukuliwa nimhudumie Mama, na kwa sababu Kiingereza changu cha shule, ingawa kibovu, kilikuwa ndicho pekee tulichokuwa nacho.

Tulibadilisha ndege Doha. Baba hakuruhusiwa kuingia ndani tulipokuwa, lakini alikuwa ameniambia kwenye simu, "Bi mkubwa, ndege ikianza kupaa kaa dirishani. Nitaegesha gari karibu na ukuta wa uwanja, nitawasha na kuzima taa. Ukiiona taa inayokonyeza, ndiyo mimi. Mama akishapasuliwa na kupona, nakuja kuwachukua mwenyewe. Mpaka nije, wewe ndiye mimi huko. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

Jua lilikuwa limetoka kuzama. Ndege ilipopaa niliona taa nyingi kuliko nyota, na nusu yake zilikuwa zinakonyeza. Nilichagua moja, nikaipungia mkono mpaka ikapotea. Leo nakaa mitaa ile ile, na nimeshapita mara nyingi kando ya ukuta ule wa uwanja wa zamani. Sijui kama taa niliyoichagua ilikuwa yake.

Nyumba ya Ammamma ilikuwa katikati ya mashamba ya mpunga, paa la vigae vyekundu, kisima mlangoni, na uwanja uliofagiliwa mpaka ukawa na mistari ya ufagio kama nywele zilizochanwa. Walikuwa wawili tu: Ammamma, mjane mfupi aliyevaa nguo nyeupe siku zote, na Latha, mke wa Suresh, ambaye alisoma Kiingereza kidogo na ndiye aliyekuwa mdomo na masikio yetu. Ammamma hakujua neno letu wala sisi lake, lakini hilo halikumzuia kuongea. Aliongea na Mama mchana kutwa, na Mama alimjibu kwa Kiswahili, na sijui waliambiana nini, ila mara nyingine walicheka pamoja.

Mengi niliyaelewa kinyume. Niliona wanakunywa maji kwa kuyamimina kinywani kutoka juu, chombo kisiguse midomo, nikadhani ni kwa sababu yetu, kwamba wanaogopa tumekigusa. Nilimwambia Mama kwa uchungu. Akanitazama. "Wamefanya hivyo hata kabla hujazaliwa," alisema. "Acha kujiweka katikati ya kila jambo."

Siku ya kwanza tulipewa chakula kwenye majani ya mgomba, kwa kuwa tulikuwa wageni. Tulikaa chini kwa mstari, wali ukawekwa, mchuzi wa dengu wenye ukwaju, nazi iliyopondwa na pilipili, papadam nyembamba za kukaanga, na mwisho mtindi mwepesi. Nilipomaliza sikujua la kufanya na jani langu. Ammamma akachuchumaa mbele yangu, akashika ukingo wa juu wa jani, akaukunja kuja upande wangu, akaupigapiga kwa kiganja.

"Ukikunja kuja kwako," Latha akaeleza, "unamwambia mwenye nyumba kwamba umeshiba na umefurahi, na utarudi kula tena."

"Na ukikunja kwenda kule?"

Latha akacheka kidogo. "Hapana. Huko hatukunji."

Baada ya hapo tulikula kwenye sahani za stili kama wao. Siku zikaenda. Tulipanda basi kwenda hospitali, Mama akapimwa, tukaambiwa turudi, tukarudi, tukaambiwa tusubiri, kwanza apate nguvu ndipo apasuliwe. Kila Ijumaa Baba alipiga kwenye simu ya Latha. Alizungumza na Mama, kisha mimi, na kila mara aliniuliza swali moja, "Bi mkubwa, nyumba iko salama?" Nami nilijibu iko salama, kana kwamba nyumba ile ya vigae ilikuwa imesimama kwa mikono yangu.

Halafu ikaja Ijumaa ambayo simu haikulia. Latha alisema imeharibika. Macho yake yalikuwa mekundu na alisema ni vitunguu. Kesho yake aliingia migombani na kisu, akarudi na majani, nami nikaruka kwa furaha. Majani! Nikajua siku ya Mama kupasuliwa imepangwa, na kwamba hii ni sherehe. Nikamsaidia kuyafuta kwa kitambaa chenye maji.

Kabla ya kula, Ammamma alitoka uwanjani, nywele zake nyeupe zikiwa zimelowa baada ya kuoga. Aliweka kipande cha jani chini, akakiwekea matonge ya wali na ufuta mweusi. Kisha akalowesha viganja na kuanza kupiga makofi, polepole, akitazama juu ya minazi. Alikuwa anaita kunguru. Kwetu kunguru hufukuzwa kwa mawe, na hapa mtu mzima anawakaribisha chakula! Nilicheka, na kwa kuwa hawakuja, nikalowesha mikono yangu pia, nikasimama kando yake, nikapiga. Makofi yangu yalikuwa makali kuliko yake. Kunguru wakashuka papo hapo, watatu, kisha wengine, wakala.

Niligeuka nione kama Latha ameona nilivyowaleta. Alikuwa ameketi kizingitini, amejifunika uso kwa ncha ya nguo.

Tukala. Chakula kilikuwa kizuri kuliko cha siku ya kwanza, na nilikula sana. Ammamma hakuweka kitu kinywani. Nilipomaliza, nikashika ukingo wa juu wa jani langu, nikaukunja kuja kwangu kama nilivyofundishwa, nikaupigapiga kwa kiganja, nikamtazama Ammamma ili anisifu.

Yeye alikuwa amekwisha kukunja lake kwenda kule. La Latha pia lilielekea kule. Ammamma akanyoosha mkono juu ya jani langu. Mkono ukasimama hewani kidogo. Kisha akalikunjua, akalikunja upya, mbali na mimi.

Sikuwahi kutukanwa hivyo. Ndivyo nilivyoona. Kama kukunja kuja kwako ni kusema utarudi, basi kukunja kwenda kule ni kuambiwa usirudi. Nilimwangalia Mama. Alikuwa akilitazama jani lake, bado liko wazi. Kisha taratibu sana, bila kuonyeshwa na mtu, akalikunja kwenda kule.

Kuanzia siku ile niliishi kwa hofu moja tu: kwamba tutafukuzwa kabla mlango wa moyo wa Mama haujafunguliwa, na kabla Baba hajaja. Nilikuwa nimeambiwa mimi ndiye yeye, na nyumba ilikuwa inaniponyoka. Nikaamua kuwafanya wasiweze kuishi bila sisi. Alfajiri nilikuwa wa kwanza kisimani. Nilifagia uwanja kwa mistari ile ile yao. Nilisugua taa ya shaba kwa majivu na ukwaju mpaka ikang'aa, nikaosha vyombo, nikalisha ng'ombe wa jirani ambaye hata si wetu.

Lakini kadiri nilivyofanya kazi, ndivyo Ammamma alivyoninyang'anya. Alichukua ufagio mkononi mwangu, akaniketisha, akanipaka mafuta ya nazi kichwani na kunisuka, akinung'unika maneno ambayo sikuyajua. Kwetu mgeni aliyepewa kazi amekuwa wa nyumbani, na anayekatazwa bado anahesabiwa siku. Kwa hiyo kila aliponipokonya ufagio nilizidi kuogopa, na alipokwenda kulala mchana niliurudia.

"Mbona hutulii?" Mama aliniuliza. Alikuwa amelala mkekani, amegeukia ukuta.

"Wametuchoka, Mama. Nataka wasitufukuze."

"Hawajatuchoka," alisema. "Njoo ulale hapa nyuma yangu." Nikalala. Mgongo wake ulikuwa unatikisika, nami nikadhani ni ule mlango unaogonga.

Walimpasua. Sitasimulia habari za korido ile, ila nilikaa chini na Ammamma, na wakati wote alikuwa ameufunga mkono wangu ndani ya wake kama mtu aliyeshika ndege mdogo. Mama alipona. Alirudi kijijini na kovu kifuani na rangi midomoni ambayo nilikuwa nimeisahau. Nikaanza kumsubiri Baba. Nilisubiri pale mashamba ya mpunga yanapoanza, kwenye tuta wanalopita watu kutoka kituo cha basi.

Ndipo siku moja nikaliona begi lake. Nililijua kwa mbali, kwa sababu Mama alikuwa amefunga kipande cha kanga yake kwenye mpini, chekundu, ili lisipotee kwenye mabegi ya wengine. Aliyelibeba alikuwa kijana mwembamba niliyewahi kumwona kwenye picha, Suresh. Nikakimbia. Nilikimbia juu ya tuta mpaka nikateleza, mguu ukaingia majini, nikainuka.

"Karibu!" nilimpigia kelele kwa Kiswahili. "Baba yuko nyuma? Ameshuka kituoni?"

Suresh alisimama. Alikuwa amejifunza Kiswahili kwa Baba, maneno machache ya chumbani: chai, kesho, lala, haraka. Kati ya maneno yote aliyofundishwa, lililotoka lilikuwa moja.

"Pole," alisema.

Kisha akaliweka begi chini, kwenye tope, naye akachuchumaa kando yake.

Baba alikuwa ameanguka akiosha gari la tajiri wake, wakati wa joto kali, siku moja kabla ya Ijumaa ile ya simu iliyoharibika. Walimzika hapa Doha siku iliyofuata. Suresh alisimama na madereva wengine, akatupa udongo kama wao, kisha akampigia mkewe. Na daktari wa Mama, alipoulizwa, alisema moyo ule usiambiwe kitu mpaka upasuliwe.

Latha ndiye aliyenieleza, jioni hiyo, tumekaa kizingitini. Alinieleza habari ya majani. Ammamma alisema Baba amekula na Suresh sahani moja, kwa hiyo ni mwanawe pia, na mtoto wake haachwi bila matanga kama mbwa. Chakula kile kilikuwa cha matanga ya Baba. Jani la matanga hukunjwa kwenda kule, ili jambo lile lisirudi.

"Na kunguru?" niliuliza.

"Kunguru wakija upesi, aliyekufa ametulia. Ammamma aliwaita, wakakataa." Akakishika kiganja changu. "Walikuja ulipopiga wewe."

Ndani, Mama alikuwa akizungumza na Suresh. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hilo lilinitisha kuliko kilio.

"Mimi nilijua," nilimsikia akisema kwa Kiswahili, haijalishi kama Suresh alielewa. "Nilijua siku ile ya majani. Nilimwona mama yako hagusi chakula. Lakini nina watoto watatu, nikasema acha nijifanye sijui, nipasuliwe kwanza."

Kesho yake Ammamma alifungua sanduku lake la mbao, akatoa nguo nyeupe, moja kati ya zake, akamvalisha Mama kwa mikono yake. Mama alikuwa amekwisha kutafuta kitu cheupe cha kukaa nacho eda, na hakuwa nacho. Hakuna aliyemwambia Ammamma kwamba hata kwetu mjane huvaa nyeupe. Walikaa pamoja barazani, wajane wawili wa dini mbili, weupe wao mmoja, wakichambua mchele. Tulikaa hapo mpaka eda ikaisha, kwa kuwa Mama alikataa kusafiri ndani yake. Nilipewa ufagio wangu bila kuuomba.

Niliporudi Muheza darasa lilikuwa limenipita, na miaka michache baadaye mlango ule wa moyo wa Mama ulikwama tena, safari hii bila fundi, tukamzika. Niliacha shule nikauza chapati, nikawalea wadogo zangu mpaka wa mwisho akapata kazi, ndipo nikaja Doha. Kila likizo ya Suresh, mpaka alipoacha kazi na kurudi kwao, Ammamma alinitumia mafuta ya nazi kwenye chupa ya maji. Sikurudi kumwona. Kila mwaka nilisema mwaka ujao.

Achieng alimaliza kila kitu kilichokuwa kwenye jani, akaramba kidole.

"Aki hawa watu wanajua kupika. Haya, hii jani nafanyia nini?"

Nilimwonyesha kwa mkono. "Kama umefurahi, kunja kuja kwako."

Akakunja, akaupigapiga ukingo kwa kiganja bila kufundishwa, akanitazama akicheka, akimshukuru Mungu kwa mtihani wa mwanawe. Ndipo akaona langu.

"Yako mbona imeangalia huko?"

Nikanyoosha mkono juu ya jani lake. Ulisimama hewani, nami nikajua jinsi mkono wa Ammamma ulivyokuwa mzito siku ile. Nilirudisha mkono kwangu.

"Acha lako lilivyo," nilisema. "La kwangu nimemkunjia mtu."

Achieng aliacha kucheka. Alivuta kiti chake kikaja upande wangu wa meza, akanimiminia maji, na mhudumu alipokuja kuondoa majani, alimwambia, "Ngoja kidogo, boss. Bado tunakaa."